Kwenda Ijumbi Kuikana Dhahabu

Sababu ya safari ile ilifika mgodini ikiwa ndani ya chupa, na aliyeileta alikuwa ameinywa nusu.

Siku zile za Mwingereza nilikuwa nafanya kazi katika maabara ya mgodi mmoja wa dhahabu, kusini mwa ziwa. Kazi yangu ilikuwa kupima mawe. Yaliletwa yamesagwa kama unga wa muhogo, nayachoma kwenye tanuru, na mwisho wa yote nasema ndani yake mna dhahabu kiasi gani. Sikuwa injinia bado. Shahada ile niliipata ng'ambo baadaye, mvi zikiwa zimeanza kunichungulia. Lakini kwetu Kitendaguro, mtu akivaa koti jeupe na kuongea na Wazungu bila kutetemeka, basi ni Injinia, na hakuna wa kumvua cheo hicho.

Adhuhuri moja, tukiwa kwenye banda la kulia chakula, akaingia Pastori. Huyu alikuwa mchuuzi wa kwetu aliyezoea kupanda meli kati ya Bukoba na Mwanza akiuza kahawa ya kutafuna na, msimu ukifika, senene wa kukaanga. Mungu alimpa Pastori vitu vingi ila hakumpa sauti ndogo. Akaniinamia sikioni, akanong'ona kwa namna iliyosikika hadi jikoni:

"Injinia, nina siri. Shemeji yako Kaijage wa Ijumbi amepata dhahabu kwenye chemchemi. Anasema uje upesi, na mtu yeyote asijue."

Vijiko vyote vikasimama hewani.

Pastori akatoa chupa chini ya koti. Ilikuwa imezibwa kwa jani la mgomba, na chini mwake mlikuwa na mchanga kidogo.

"Ilikuwa na maji pia," akasema, "ila melini kiu ilinibana. Mchanga nimekuletea wote."

Nikaumwaga kwenye kiganja, nikausogeza juani. Ulimetameta vizuri sana, na hapo hapo nikakata tamaa, kwa sababu dhahabu halisi haimetameti hivyo. Ule ulikuwa ulanga, yaani yale magamba membamba ya jiwe yanayobanduka kama kurasa za kitabu. Milima ya kwetu imejaa ulanga. Thamani yake ni kuwapendeza watoto.

"Si dhahabu," nikamwambia.

"Sema polepole," akanikemea Pastori, "watu wanasikia!"

Ningemtuma arudi na jibu, mambo yakaisha. Lakini alipoendelea na habari nikaona hayaishi. Kaijage alikuwa amezungushia chemchemi ua wa matete, kijiji kizima hakichoti tena maji pale. Alikuwa amechimba shimo, na sasa alitaka kulipanua kuelekea kwenye kibanja chake mwenyewe, aking'oa migomba na mibuni iliyopandwa na babu yake. Dada yangu Theresia, mkewe, alikuwa hasemi naye. Na binti yao Kokushubila alikuwa anaolewa Jumamosi ya pili kutoka siku ile.

"Mwambie basi si dhahabu," nikamsihi Pastori.

"Mimi? Waitu, ndugu yangu, mimi nauza kahawa pale. Kamwambie mwenyewe."

Jioni nikaenda kuomba likizo kwa mkuu wa maabara, Mwingereza mrefu wa maneno machache. Akaniuliza naenda kufanya nini. Nikamweleza kwamba naenda kumwambia shemeji yangu hana dhahabu.

"Huwezi kumwandikia?"

"Bwana, wewe ukiandikiwa kwamba huna dhahabu, utaamini?"

Akafikiri, kisha akatia sahihi.

Mwanza tulipanda meli, mimi na Pastori, sitaha ya abiria wa kawaida, katikati ya magunia na kuku waliofungwa miguu. Nilidhani nimeacha uvumi nyuma yangu, kumbe nimesafiri nao tiketi moja. Tulipong'oa nanga, dhahabu ya Ijumbi ilikuwa punje za mchanga. Visiwa vya kwanza vilipotokea, zilikuwa na ukubwa wa buni. Wakati jua linazama mama mmoja aliyeketi karibu yangu akiwa na mtoto mgongoni alinieleza kwa upole kwamba huko Ijumbi wamepata jiwe kama yai la bata, na kwamba kuna Injinia, mtu wa Kitendaguro, anakwenda kulichukua kwa niaba ya Malkia.

"Anafananaje huyo Injinia?" nikamwuliza.

Akanitazama kuanzia viatu hadi kofia.

"Mtu mkubwa," akasema. "Si kama wewe."

Nikajilaza juu ya magunia nikiwa nimefarijika.

Alfajiri Bukoba ilijitokeza kwenye ukungu kama mtu anayeamka bila haraka: kwanza majabali ya pwani ya ziwa, halafu mabati ya maghala ya kahawa, mwisho kijani cha migomba kilichofunika vilima vyote. Nikapanda kwa miguu hadi Kitendaguro kumwamkia mama. Hakuniacha nikae kabla ya kula. Akaniwekea ndizi na maharage yaliyopikwa pamoja, akaketi mbele yangu kuhakikisha sibakizi.

Mama hakujali dhahabu hata kidogo. Swali lake lilikuwa lile lile la kila likizo.

"Hiyo dhahabu ukiipata, itakupikia?"

"Mama, hakuna dhahabu. Nakwenda kumwambia Kaijage hivyo."

Hapo akaacha utani. Akanishika mkono.

"Mwambie, lakini usimwaibishe mbele za watu. Yule ni mkwe wetu, na Jumamosi hii anamtoa binti. Baba wa bibi harusi akichekwa, tumechekwa sote. Umenisikia, Deo?"

Nikamwahidi. Nilivyokuwa namjua Kaijage, nilijua nimeahidi jambo gumu.

Saa za asubuhi lori la kahawa lilitoka mjini kuelekea kusini, nami nikawekwa mbele na dereva, jambo ambalo halijawahi kunitokea kabla wala baada ya safari ile. Pastori alikaa juu ya mzigo, akifanya kazi ya tarumbeta. Tulipopunguza mwendo Ijuganyondo, nikamsikia anawapigia kelele waliokuwa barabarani: "Tumembeba Injinia wa dhahabu!" Kemondo, ambako barabara inapita karibu na ghuba na mtu anaona maji ya ziwa yakimetameta, tulisimama kushusha chumvi, na watu wakaja kunitazama dirishani. Mzee mmoja alinipa ndizi mbivu akaomba nimkumbuke nitakapokuwa na gari langu. Niliikubali ndizi.

Muleba lori liliishia. Kutoka pale ni vilima na njia nyembamba kati ya vibanja, na nyasi za rweya pale ambapo migomba haikubali kuota. Tulitembea, Pastori mbele, mimi na sanduku langu nyuma. Ndani ya sanduku nilikuwa na nguo, nyundo ndogo, jiwe jeusi la kupimia dhahabu na kichupa cha tindikali kilichofungwa kwa pamba. Nilikuwa nimejiandaa kumshawishi mtu mmoja, ndani ya nyumba, mlango umefungwa.

Alasiri tulipoingia Ijumbi nilikuta uwanja wa Kaijage umejaa kana kwamba harusi imewahishwa.

Kaijage alikuwa mtu wa mwili mdogo na mipango mikubwa. Mwaka mmoja aliwahi kufuga samaki ndani ya pipa. Mwaka mwingine alibuni chombo cha kumenya ndizi kilichomenya zaidi vidole. Hakuwa mlafi. Alikuwa anaamini tu kwamba dunia imemfichia kitu kizuri mahali fulani, na kwamba kazi yake ni kukitafuta. Alinikumbatia akiwa amevaa koti la kanisani katika jua lile.

"Shemeji! Umekuja kutuhakikishia."

"Nimekuja kuzungumza, shemeji. Twende ndani."

"Ndani?" Akarudi nyuma hatua moja, akapaza sauti wote wasikie. "Ili majirani waseme tunagawana kwa siri? Hapana! Kesho, chemchemini, mchana kweupe!"

Watu wakashangilia uaminifu wake. Nikamkumbuka mama.

Ndani dada Theresia alinipokea kwa kahawa ya kutafuna kama ada ilivyo, kisha akanimiminia chai. Nilipotazama kikombe nilidhani taa imezimika. Chai ilikuwa nyeusi tii, nyeusi kama wino wa shule.

"Kunywa," akasema Theresia. "Ndiyo chai ya matajiri."

Nikaonja. Ilikuwa na ladha ya msumari.

"Dada, maji haya yamekuwa hivi tangu lini?"

"Muulize mwenye mgodi. Kabla hajachimba yalikuwa matamu. Alipochimba chini pakatoka maji mengine, yakachanganyika na yetu. Ukiyachota ni meupe. Yakikaa mtungini yanakuwa mekundu. Na hayo ni yetu sisi wenyewe, maana majirani hawaruhusiwi kuchota. Wanakwenda bondeni ng'ambo, wanarudi na mitungi migongo imepinda, wanapita hapo mlangoni bila kunisalimu. Harusi hii nitapikiwa na nani?"

Nikaelewa. Shimo la Kaijage lilikuwa limefungua mkondo wa chini uliojaa chuma. Chuma kikiwa ndani ya maji hakionekani. Kikipata hewa kinageuka kutu, kikikutana na majani ya chai kinageuka wino. Mgodini mambo hayo tuliyajua, lakini kule yalikuwa yakihusu mawe tu. Sikuwahi kuyanywa.

Kokushubila akatoka chumbani amebeba kitu mikononi kama anayebeba mgonjwa. Ilikuwa gauni yake ya harusi, iliyoshonwa mjini. Alikuwa ameifua ili itoke vumbi la safari. Sasa ilikuwa na rangi ya gunia la kahawa, tena si rangi moja. Ilikuwa na ramani.

"Mjomba," akasema, "nitaingia kanisani kama bibi harusi aliyezikwa akafukuliwa."

Nilitaka kucheka, nikaona macho yake, nikaacha.

Asubuhi tulikwenda chemchemini, na kijiji nyuma yetu. Kaijage akafungua mlango wa ua wake wa matete kwa heshima kubwa. Ndani palikuwa na shimo linalotisha, tope la rangi ya machungwa, na pembeni rundo la mchanga likimeremeta.

Nikaomba karai. Nikatia mchanga na maji, nikaanza kuuzungusha na kuuinamisha kama wachekechaji wanavyofanya, maji yakienda na chepesi, kizito kikibaki. Nikawaeleza kwamba dhahabu ni nzito kuliko mchanga wowote. Ikiwemo, itabaki chini. Nikazungusha. Vile vimeta vyote vikapanda juu kwa furaha, vikaelea, vikaondoka na maji. Chini ya karai ukabaki mchanga mweusi usio na hadhi yoyote.

Watu wakasogea kuchungulia karai.

"Umeimwaga!" akalia Kaijage. "Mwanangu anaolewa, wewe unamwaga dhahabu yake!"

Basi nusu ya kijiji ikakimbilia chini ya mfereji na mikono wazi, Pastori akiwa wa kwanza. Walirudi na tope hadi viwikoni. Nilipowatuliza nikatoa lile jiwe jeusi, nikasugua juu yake magamba ya ulanga. Yakasagika yakawa vumbi.

"Dhahabu halisi ikisuguliwa hapa," nikasema, "inaacha mstari wa njano, na mstari huo ukidondoshewa tindikali hii haufutiki. Kitu kingine chochote kinachojifanya dhahabu, mstari wake unafutika."

"Maneno tu!" Kaijage alikuwa amepandwa na jazba, jasho linamtoka chini ya koti. "Tuonyeshe dhahabu halisi ikifanya hivyo! Tulinganishe! Ndipo tutaamini."

Nilikuwa sina dhahabu. Mgodini hatutoki nayo. Mtu anapekuliwa hadi masikioni. Nikabaki nimeshika jiwe.

Dada Theresia akapenya katikati ya watu. Alikuwa mtulivu kabisa.

"Dhahabu halisi ipo," akasema. Akavua pete yake ya ndoa, akaniwekea mkononi. "Jaribu kwa hii, Deo. Mume wangu alininunulia Bukoba. Alisema ni dhahabu tupu."

Mpima madini haponi kazi yake hata akiwa likizo. Pete ilipogusa kiganja changu, kiganja kikajua. Ilikuwa nyepesi. Nikatazama kidole cha dada yangu, mahali ilipokuwa imekaa, nikaona duara la kijani. Shaba na zinki, iliyong'arishwa vizuri. Nikainua macho nikakutana na ya Kaijage.

Sijawahi kumwona mtu anayeona maisha yake yote namna ile. Alitazama pete, akatazama kichupa, akatazama jiwe. Kijiji kizima kilikuwa kimenyoosha shingo. Nikaanza kufungua pamba ya kichupa polepole, kwa sababu kwa kweli sikujua nifanye nini kingine.

"Basi!" akasema Kaijage.

"Shemeji?"

"Nimesema basi! Nimeridhika. Si dhahabu. Injinia amesema si dhahabu, nani wa kumbishia? Tuna haja gani ya kuharibu pete ya watu?" Akaja akanipokonya pete, akamrudishia Theresia kidoleni, akawageukia watu. "Mnangoja nini? Bomoeni ua! Chemchemi ni ya wote!"

Watu walishangaa jinsi sayansi inavyoweza kumgeuza mtu kwa ghafla. Walinipigia makofi mimi. Mzee mmoja alisema hajawahi kuona elimu yenye nguvu kama ile. Nami nikakifunga tena kichupa changu kwa pamba.

Mchana huo nikiwa nimeketi jikoni na dada yangu, aliyekuwa akimenya ndizi, nikamwuliza kwa sauti ndogo kama alikuwa anajua.

"Kidole changu kilianza kuwa kijani kabla mtoto wa kwanza hajazaliwa," akasema bila kuinua kichwa. "Ulidhani nafikiri ni maradhi?"

"Na hujawahi kumwambia?"

"Nimwambie nini? Wakati ule alikuwa hana kitu, na alitaka nivae kitu. Alitembea kwa miguu kutoka huku hadi Bukoba kuitafuta." Akatupa ganda. "Ila kulikuwa na siku moja ambayo ingefaa. Nilikuwa naingojea."

Jumatano tukaanza kazi niliyoijia bila kujua. Harusi ilikuwa imekaribia na maji ya Ijumbi yalikuwa bado yanatengeneza wino. Kwanza tulilifukia lile shimo kwa mawe na udongo wa mfinyanzi, tukipunguza mkondo wa chini, lakini haukuzibika wote. Ilibidi tukitoe chuma chenyewe.

Nikawaeleza kwamba ni lazima maji yapate hewa nyingi, kutu itoke, kisha kutu ishikwe na mchanga. Tukachonga mashina ya migomba yakawa mifereji, tukayapanga kwa ngazi mteremkoni, maji yaanguke kutoka mfereji hadi mfereji yakipiga kelele na kutoa povu. Chini tukaweka pipa. Lilikuwa pipa la samaki. Kaijage mwenyewe alilibeba begani, bila koti. Ndani tukapanga kokoto, mkaa na mchanga. Mchanga wa wapi? Ule ule. Tuliuosha vimeta vikaenda zake, ukabaki mchanga mtupu, mkali, mzuri kwa kuchuja kuliko wowote niliouona.

"Nilijua una thamani," akasema Kaijage.

Wanawake wote walikuja kushuhudia maji ya kwanza. Tukafungua. Pipa likakoroma, likatema maji meusi kuliko chai ya Theresia. Katika shauku yangu nilikuwa nimesahau kuosha mkaa.

Walicheka hadi wengine wakakaa chini.

"Wakola, asante sana, Injinia!" akasema mmoja akijifuta machozi. "Umetuondolea kazi ya kutia majani!"

Tulipakua, tukaosha, tukapanga upya. Hata hivyo siku ya kwanza maji yalitoka ya manjano, ya pili yakafifia. Ijumaa asubuhi Theresia alichota, akachemsha, akatia majani ya chai mbele ya wote. Tukasogea kuzunguka sufuria kama watu wanaongoja mtoto azaliwe. Chai ikageuka nyekundu ya damu ya mzee, safi, unaona hadi chini. Kikombe cha kwanza alimpa mumewe. Kaijage akanywa taratibu, akafumba macho.

"Haina msumari," akasema.

Kuhusu gauni, nilimwambia Kokushubila alete malimau yote yanayopatikana na chumvi. Limau hula kutu. Hata mgodini tulitumia asidi ya namna hiyo hiyo kusafishia vyombo, ila yetu ilikuja ndani ya makopo yenye picha ya fuvu. Akasugua yeye na rafiki zake siku nzima, wakaianika juani, wakairudia. Ramani ikapungua nchi baada ya nchi. Mwishowe lilibaki doa moja tu, karibu na pindo, linalofanana na kisiwa.

"Liache," akasema, akiitazama gauni imejaa upepo kwenye kamba. "Bwana harusi ni mtu wa kisiwa cha Bumbire. Nitamwambia nimekuchorea kwenu."

Jumamosi akaolewa. Kuhusu harusi nitasema tu kwamba majirani walipika, lubisi, pombe yetu ya ndizi, ilitosha, Pastori alihutubia bila kuombwa, na Kaijage alimshika mkono mkewe njia nzima kutoka kanisani, kitu ambacho wanaume wa umri wake hawakuwa wakifanya mbele za watu.

Jumatatu asubuhi nilishuka chemchemini kutazama mtambo kwa mara ya mwisho. Wanawake walikuwa wamepanga mstari na mitungi. Wakanisalimu, wakaendelea na mazungumzo yao: nani alicheza vibaya harusini, nani alivaa viatu vya kuazima. Hakuna aliyetaja maji. Yalikuwa yanatoka tu, wanachota, wanaondoka. Nilisimama pale nikisikia kiburi cha ajabu, kiburi cha mtu aliyesahauliwa haraka kwa sababu kazi yake imekubali.

Njia ya kurudi ilikuwa ile ile: vilima, lori, Kitendaguro. Mama alikuwa ameshapata habari zote kabla yangu.

"Ameaibika?"

"Hapana, mama. Ameshangiliwa."

"Vipi?"

Nikamwambia ni mambo ya sayansi. Akanitazama sana, lakini akaniongezea ndizi.

Mwanza, kwenye gati, askari wawili walikuwa wananingoja. Pastori, aliyenitangulia kwa meli iliyopita, alikuwa amewaambia watu humo, kwa siri, kwamba sanduku langu ni zito. Wakalifungua mbele ya umati. Wakatoa kahawa kutoka kwa Theresia, ndizi kutoka kwa mama, na mwisho chupa iliyozibwa vizuri, imejaa tope la rangi ya machungwa kutoka chini ya pipa. Askari mkubwa akaitikisa, akainusa.

"Hii nini?"

"Kutu. Nakwenda kuichunguza."

"Mtu mzima, na koti," akasema kwa huruma, "unasafirisha tope." Akanifungia sanduku mwenyewe.

Kazi ya madini nimeifanya miaka mingi baada ya hapo, na kazi ya maji miaka mingi zaidi. Nimesimamia mitambo mikubwa kuliko pipa la Kaijage, nimeosha mkaa kila mara. Watu huniuliza ilikuwaje mtu wa dhahabu akahamia kwenye maji, wakidhani nilifukuzwa. Nawaambia nilijifunza Ijumbi kwamba mgodini nilizoea kutazama kile kinachobaki kwenye karai, na sikuwahi kuuliza kinachomwagwa kinakwenda wapi.

Ndiyo maana asubuhi ya kwanza niliporudi mgodini sikuingia maabara. Nilizunguka nyuma ya kinu cha kusagia mawe, nikafuata mfereji wa maji machafu hadi nje ya uzio, mahali ambapo kwa miaka yote niliyokaa pale sikuwahi kukanyaga. Mfereji uliteremka kwenye vichaka, ukaingia kijito. Chini kidogo ya pale palikuwa na mama mmoja wa Kisukuma, amepiga magoti, anachota.

Nikamsalimu. Akaniuliza mimi ni wa wapi.

"Wa hapo juu, mgodini."

"Wa mgodini hawafiki huku," akasema. Akamaliza kujaza mtungi, akaweka kata ya majani kichwani, akaniangalia nikiwa nimesimama tu na koti langu jeupe. "Basi kama umefika, nitwike."

Nikainama, nikaushika mtungi kwa mikono miwili. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani.